Tupeane uzoefu: wiki za kwanza nyumbani baada ya kutengenezewa titi

MAMA WA KASUBI
Dada zangu hamjambo, na wanaume mliomo humu karibuni pia, najua mnasoma kimya kimya mkiwatafutia wake zenu majibu. Nafungua hii kwa sababu napata meseji nyingi za watu waliofanyiwa au wanaotaka kufanyiwa upasuaji wa kutengeneza titi baada ya kansa, na wote wanauliza yale yale. Si habari ya tieta, chumba cha upasuaji, hiyo dakta anaieleza. Wanauliza habari ya kurudi nyumbani. Nitalalaje, nitaogaje na hii mirija ya kutoa maji ya kidonda, nani atasonga posho, titi likifa ganzi ni kawaida? Haya anayeyajua ni aliyeyapitia. Mimi mambo mengi ya nyumbani nilifundishwa na wagonjwa wenzangu na nataka tuyaandike hapa pamoja, anayekuja nyuma ayakute.

Naanza. Titi langu la kushoto lilitolewa, nikapata kemo, zile dawa kali za kuua kansa, nikapata mionzi, alafu nikaambiwa nisubiri. Kusubiri kunauma roho lakini kuna sababu yake, mionzi inakaza ngozi na kuharibu vile vimishipa vidogo vya damu, ukiweka titi bandia la silikoni chini ya ngozi ya namna hiyo mara nyingi inakuja kukaza na kuuma, ndo maana madaktari wengi wanataka ipite miezi 6 au zaidi, na wengi wanapendelea kutumia nyama yako mwenyewe. Mimi walichukua ya tumboni, ngozi na mafuta ya chini ya kitovu. Kwa hiyo unatoka na vidonda viwili, cha kifuani na cha tumbo kinachokata kutoka nyonga hii mpaka nyonga ile, na cha tumbo ndicho kilichonisumbua zaidi.

Usiku wa kwanza sista anakuja kila baada ya muda mfupi kugusa titi, anabonyeza ngozi aone damu inarudi vipi. Sisi wenye ngozi nyeusi rangi peke yake inachelewa kuonyesha tatizo, joto linasaidia sana. Mama wa kitanda cha jirani aliyekuwa ametangulia ndiye alinifundisha nijiguse kwa mgongo wa kiganja nilinganishe pande mbili, na nikiona limepoa au limebadilika niite mtu saa hiyo hiyo bila kuona haya, kwa sababu mshipa ukiziba wanakurudisha tieta haraka, masaa machache tu ya kuchelewa yanaweza kuua ile nyama.

Nyumbani sasa. Utatembea umeinama, usilazimishe kunyooka, tumbo limevutwa na linahitaji muda. Kulala ni chali, mito mgongoni na mto mwingine chini ya magoti. Kuamka geuka ubavu kwanza, shusha miguu, alafu jisukume kwa mkono wa upande mzima. Gomesi, lile gauni letu la heshima, ilikaa kabatini muda mrefu, ule mshipi unakaa pale pale kwenye mshono, nilienda mpaka kwanjula, sherehe ya utambulisho, ya mtoto wa dada yangu na dera na hakuna aliyenisema.

Na hili naomba kila mtu alisome mara mbili: titi jipya halisikii moto. Neva zimekatwa, kwa wengine hisia inarudi kidogo kidogo, kwa wengine hairudi. Usiweke chupa ya maji moto, usiweke barafu, na ukiinamia sigiri angalia kifua chako kwa macho maana ngozi haitakuambia kwamba inaungua.

Haya leteni za kwenu.

MKE WA SAJINI, BOMBO
Asante dada kwa kufungua hii. Mimi walichukua nyama ya mgongoni wakaizungusha mbele na silikoni ndogo chini yake, tumbo langu lilikuwa halina kitu cha kuchukua. Kitu kilichonitisha ni maji. Mirija imeshatolewa, niko nyumbani, mgongo ukaanza kujaa, nikigeuka nasikia maji yanacheza ndani, nilijua kansa imerudi nikalia usiku mzima mume wangu yuko kazini mbali. Asubuhi nikampigia mwenzangu tuliyekuwa naye kwenye kemo, akaniambia hata yeye alijaa hivyo hivyo, hao waliotolewa nyama ya mgongo wengi wanajaa, nenda kliniki watavuta na sindano usikae nayo nyumbani. Nikaenda, wakavuta, yakarudi kidogo, wakavuta tena, yakaisha. Dakta angeniambia kabla nisingelia hivyo, lakini nahisi aliniambia na sikusikia, siku ile kichwa kilikuwa hakipokei kitu.

La mkono jamani msidharau. Jerikani ya lita 20 sahau kwa wiki kama 6, na mtoto mgongoni sahau. Lakini kuacha mkono umelala tu nako ni hatari, bega linakufa. Fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alinifundisha kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole polepole mpaka pale panapovuta, kila siku juu kidogo, na nilichora mstari kwa chaki ukutani watoto wakawa ndo wanaonisimamia, mama leo umezidi jana! Kama ulitolewa tezi za kwapani na mkono ukaanza kuwa mzito, pete ikabana, usingoje uvimbe wote, rudi mapema.

BABA WA JINJA
Mimi ni mwanaume, dada zangu naomba nivumiliwe. Mke wangu hapendi kuandika, ameniruhusu niandike mimi.

Kazi yangu ilikuwa mirija. Alirudi na minne, kila mmoja una kile kichupa chake cha kubonyeza. Unanawa mikono, unafungua, unamimina kwenye kikombe cha kupimia, unaandika kwenye daftari saa na kiasi na rangi, unabonyeza kichupa kitoe hewa ndo unafunga, ukifunga bila kubonyeza hakivuti. Daktari wetu alitaka kila mrija ushuke chini ya mililita 30 kwa masaa 24 ndo autoe. Rangi inaanza ya damu inakuja kama juisi ya machungwa mepesi. Ikirudi nyekundu ghafla, au ikinuka, au mgonjwa ana homa, hakuna kusubiri kesho.

Wanaume wenzangu, jifunzeni kusonga posho na kumenya matoke kabla ya siku ya upasuaji, si baada. Na jambo la wageni, kwetu mgonjwa akirudi kijiji kizima kinakuja kusalimia na kila mtu anataka kukumbatia. Nilikaa mlangoni nikawa nawaambia kwa heshima, mama huyu tunamsalimia kwa mkono tu. Shangazi mmoja alikasirika sana, nikamtuma binti yangu mkubwa akamweleze, akaelewa.

Kitu kingine, yeye hakutaka nione kidonda. Wiki zile za mwanzo nilimmwagia maji ya mirija nikiwa nimeangalia daftari tu. Aliyemfanya anionyeshe ni mama mmoja mgonjwa mwenzake aliyekuja kumtembelea, wakafunga mlango, sijui waliongea nini.

AMINA WA KOBOKO
nasoma nalia, asanteni

FUNDI WA OWINO
Mimi bado niko katikati, niliwekewa ekspanda. Kwa ambao hawajui ni kama puto lililolazwa chini ya ngozi na msuli, lina kijilango, unakwenda kliniki wanadunga sindano wanaongeza maji ya chumvi kidogo kidogo mpaka ngozi inyooke ipatikane nafasi ya silikoni yenyewe. Siku wanapoongeza kifua kinabana, usiku silali vizuri, kesho yake ya pili naendelea na cherehani. Nameza panadoli kabla sijatoka nyumbani, hiyo nilifundishwa na dada mmoja kule foleni. Na mjue kabisa silikoni si ya kudumu maisha yote, wengine wanakuja kubadilishiwa baada ya miaka, ulizeni hilo mapema pamoja na pesa yake.

Mimi kazi yangu ni kushona kwa hiyo ndo mchango wangu. Wengi wanatoka hospitali mirija imebandikwa kwenye gauni na pini, inavuta, inauma. Chukua kitenge laini au shuka kuukuu la pamba, shona mfuko wenye vyumba viwili au vinne, weka utepe wa kuvaa shingoni, vichupa vinakaa ndani na nguo inapita juu hata jirani hajui. Blauzi zote zifunguke mbele, kitu cha kuvaa kwa kupitisha kichwani hutakiweza wiki nyingi. Sidiria usinunue kabla hujapona, ukubwa utabadilika, na yenye waya chini usiiguse mpaka dakta akuruhusu. Kwenye takisi mkanda unapita juu ya kidonda, kaa na kamto kadogo kati ya mkanda na kifua, na mwambieni dereva mapema kuhusu matuta. Boda hapana kabisa.

MAMA FURAHA, NAKIVALE
Jambo yenu bamama. Miye niko mukimbizi, nilitokaka Bukavu, sikutengeneza ziwa. Munganga aliniuliza kama nataka, nikasema hapana, mwili umechoka na visu. Naandika juu nisikie hapa kama vile kila mutu anatengeneza, na banamuke bengine batafikiri usipotengeneza haukupona. Nilipona. Nafuma ziwa la uzi wa pamba, naweka pamba ndani na kajiwe kadogo kalikofungwa mu kitambaa juu lisipande, maana bila uzito bega inakwenda upande na mugongo unauma. Ile ya silikoni ya kuvaa nilionaka moja, ilikuwa rangi ya muzungu. Yangu nafuma rangi yangu. Tuko bamama kadhaa huku, tunafuma pamoja siku ya mungu kisha misa, na mwenye aliambiwa ana uvimbe tunamusindikiza mpaka Mbarara asiende peke yake.

MAMA WA KASUBI
Mama Furaha aksanti sana, na ni kweli kabisa, hii mada ni ya wote. Kutotengeneza ni uamuzi kamili. Na anayetaka kutengeneza miaka mitano baadaye naye hajachelewa, mlango haufungwi.

BIBI WA ENTEBBE
Wanangu, mimi niliugua enzi ambazo hakuna aliyetamka neno kansa, tuliitwa wagonjwa wa ziwa. Wanawake waliopona ndo waliamka, 2004 wakaanzisha UWOCASO, chama cha wanawake wenye kansa kusaidiana, hapa Kampala, wakawa wanaingia wadi kukaa na wagonjwa wapya. Huko Marekani mama mmoja Terese Lasser alitolewa titi 1952, akaanza kuwatembelea wenzake hospitalini, madaktari wengine hawakumtaka hata kidogo, leo hiyo kazi yake ya mgonjwa kumtembelea mgonjwa imeenea nchi nyingi. Kwa hiyo msione mnachofanya hapa ni soga.

2016 ile mashine moja ya mionzi tuliyokuwa nayo nchi nzima ilipokufa, wengine wetu walipelekwa Nairobi, na mpya haikuzinduliwa rasmi hadi mwanzoni mwa 2018. Niliwajua mabinti waliosafiri ile safari, hawajuani, wakarudi ndugu. Hadi leo mmoja akienda kupimwa wenzake wanakaa naye nje.

Ninachofanya mimi na uzee wangu ni kimoja. Binti anayeogopa ananiomba, tunaingia chumbani, nafungua blauzi namwonyesha. Kovu langu lilivimba keloidi kwapani, yaani kovu nene linaloota kupita kidonda chenyewe, sisi wengi tuna ngozi ya namna hiyo, namwonyesha hiyo pia, nisimfiche. Namwambia amwambie dakta kabla kama ana historia ya keloidi. Kidonda kikishafunga vizuri unakanda kovu kwa mafuta kila jioni, taratibu. Picha za kwenye simu ni za watu wa mbali, anayetaka kuona aone mtu anayeongea naye.

MGENI WA MUKONO
Shikamoo bibi, shikamooni wakubwa wote. Mimi nafanyiwa wiki ijayo, nyama ya tumbo. Ninameza tamoksifeni, ile dawa ya kuzuia kansa ya titi isirudi, kuna mtu aliniambia niache, mwingine akasema nikiacha kansa inarudi. Pia naogopa kuamka usingizini nikute titi halipo. Na chuchu je?

MAMA WA KASUBI
Mdogo wangu, tamoksifeni usiache wala usiendelee kwa maneno yetu, piga simu kwa dakta leo, si siku ya kulazwa. Inaongeza hatari ya damu kuganda na madaktari wengi wanaisimamisha kwa muda kama wiki mbili kabla ya upasuaji wa aina hii, kwa hiyo siku zimeshabana. Waambie na dawa zote za miti shamba unazokunywa, zote, hata zile alizokuletea mama mkwe. Chuchu inakuja baadaye, titi likishatulia miezi kadhaa, wengine wanashonewa wengine wanachorwa tatuu, mimi sikufanya na sijutii. Na ukiamka utaona limevimba na lina umbo la ajabu, hilo silo titi lako la mwisho, lipe muda.

Pesa pia uliza yote pamoja, tieta ya pili ya kurekebisha mara nyingi ipo. Madaktari wa plastiki, wanaotengeneza maumbo ya mwili, wako hospitali ya Kiruddu na ile ya CoRSU kule Kisubi, anayetaka maoni ya pili hatendi dhambi.

MKE WA SAJINI, BOMBO
Mdogo wangu utakuwa na nani usiku wa kwanza?

MGENI WA MUKONO
Dada yangu anatoka Masindi lakini atafika kesho yake. Usiku ule sina mtu

MKE WA SAJINI, BOMBO
Basi una mtu. Nakuja na mkeka wangu, niandikie inbox hospitali na wadi.

FUNDI WA OWINO
Na mimi nipe kimo chako na upana wa kifua, nina kitenge kimebaki, mfuko wa mirija na blauzi mbili za vifungo mbele zitakuwa tayari Ijumaa, yeyote anayepita Owino kwenda Mukono azichukue.

BABA WA JINJA
Ijumaa napita na gari, nitazichukua mimi. Mke wangu anasema atakuja pia, anataka kuongea na wewe.