Baada ya leza ya retina: lini kurudi kazini, mazoezini na kwenye tendo la ndoa?

MkeWaFundi
Habari zenu wakuu. Mume wangu ana miaka 48, haoni vizuri vya mbali, anavaa miwani ya -7. Jumatatu amepigwa leza jicho la kulia kwa sababu retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) imechanika upande wa juu. Hakupasuliwa wala hakuwekewa gesi ndani ya jicho. Cheti kimeandikwa tu "aepuke kazi nzito". Yeye ni fundi ujenzi, na jioni hukimbia. Kazi nzito ni ipi hasa? Na tendo la ndoa tusubiri mpaka lini? Tuliona aibu kuuliza mbele ya watu.

Kioo_cha_Jicho
Pole dada, na mpe pole shemeji. Swali hili madaktari wa macho huulizwa kila siku, msione aibu.

Leza haizibi mchaniko. Inachoma vidoti kuuzunguka, na makovu ya vidoti hivyo ndiyo yanayoishikiza retina ukutani ili maji ya ndani ya jicho yasipenye chini yake na kuibandua. Kushika kunaanza ndani ya siku moja hivi, lakini kovu linakomaa kwa siku 10 hadi 14. Hizo wiki mbili ndizo za kulindwa. Huku nyuma ule ute mzito unaojaza jicho bado unaivuta retina palepale ulipoichana. Ndiyo maana kinachoogopwa zaidi ni mtikisiko: kuruka, kukimbia, mpira, boda boda kwenye barabara ya mashimo, kupiga nyundo au sururu.

Mfuko wa saruji ni kilo 50, usahau kwa sasa. Hata ndoo ya lita 20 amwachie mwingine. Abaki chini ya kilo 5 hivi. Kutembea, kuoga, kula mezani na nyinyi, kuangalia televisheni, yote ruhusa tangu siku ya kwanza. Dawa ya kutanua mboni huacha ukungu kwa saa 4 hadi 6, kwa hiyo siku ile ya leza haendeshi chombo chochote.

Kuhusu tendo: kukumbatiana na kulala pamoja hakuna kizuizi. Tendo lenyewe mliache wiki ya kwanza. Baada ya hapo, kama hakuna dalili mpya, mnaweza kuanza taratibu. Nguvu inayotumika kwa kawaida ni kama ya kupanda ngazi za ghorofa mbili, na hiyo si tatizo. Tatizo ni kubana pumzi na kujikaza, kutikisika kwa nguvu, kichwa kuning'inia chini, au kiwiko kugonga jicho. Yeye alale chali na mto, wewe uongoze mwendo, naye aendelee kupumua bila kubana. Kasi yenu ya kawaida irudi baada ya wiki mbili, akishachunguzwa tena na daktari kuona kovu limefunga pande zote. Mbio na saruji navyo vingoje ruhusa hiyohiyo.

Sukari_na_Macho
Naongeza kwa wasomaji wenye kisukari, maana leza yenu ni nyingine. Hapo hakuna mchaniko. Vidoti, mara nyingi zaidi ya 1,000, husambazwa pembezoni mwa retina ili mishipa mipya dhaifu ya damu inywee. Inanywea kwa wiki kadhaa, na katika muda huo inaweza kuvuja damu. Kama damu haijavuja ndani ya jicho, kutembea na tendo la taratibu vinaweza kurudi baada ya siku chache. Kama damu imeshavuja, lala kichwa kikiwa juu kwa mito miwili au mitatu, usinyanyue kitu, na tendo lisubiri mpaka daktari aseme imetulia. Wanaosali wamuulize pia kuhusu kusujudu. Kwa siku hizo kusali umekaa ni salama zaidi.

Mara nyingi damu huvuja mtu akiwa amelala au ametulia, kwa hiyo msimlaumu mwenza. Sukari na presha ndivyo vya kushughulikia. Choo kigumu pia kitibiwe, maana kujikamua chooni kunapandisha msukumo wa damu kuliko tendo la upole. Aspirini ya moyo usiiache kwa uamuzi wako.

Anayechoma insulini apime sukari kabla ya tendo. Tendo ni mazoezi, linashusha sukari. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), anywe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, kisha apime tena baada ya dakika 15.

MkeWaFundi
Asanteni sana. Usiku taa ikizimwa anaona vimulimuli vya mwanga pembeni. Leza imeshindwa? Na dawa za nguvu za kiume je?

Kioo_cha_Jicho
Si lazima iwe imeshindwa. Leza haiondoi ule mvuto wa ute, hivyo vimulimuli vinaweza kubaki wiki kadhaa, na gizani huonekana zaidi. Mpigie daktari leo umweleze. Kila asubuhi azibe jicho la kushoto, atazame ukuta mweupe, alinganishe na jana. Vimulimuli vikizidi, vikiongezeka vidoa vyeusi vinavyoelea kama masizi, au kivuli kama pazia kikaingia kutoka upande wowote, aende hospitali yenye daktari wa retina siku hiyohiyo, hata kama haumwi. Retina kubanduka hakuumi. Ikiwahiwa kabla ya sehemu ya katikati kubanduka, uwezo wa kusoma na kutambua sura mara nyingi huokolewa.

Sildenafil (Viagra) aiweke pembeni mpaka uchunguzi upite. Inaweza kumfanya aone kila kitu kina ubluu kwa saa chache, na hamtajua kama ni dawa au ni jicho. Anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti haruhusiwi kabisa kuzichanganya nayo.

Na siku ya kliniki mwingie wote wawili, umuulize daktari swali hili mkiwa mmefunga mlango.