Zinia zinainama kichwa kisha kukata, nifanye aje ju ya buke za ndoa?

maua_ya_Bagira
Jambo yenu wapendwa. Niko Bukavu, nko na kiwanja kidogo huku Bagira nalima zinia ju nataka kuuzisha buke za ndoa na za komunyo, batu bamechoka na maua ya plastiki. Rangi zinatoka muzuri sana, nyekundu, roze, oranje, njano, batu banasimama ku njia kuangalia. Sasa shida iko hapa, nikikata asubui mangaribi kichwa imeshainama mu vaze, tena bua ni fupi, haziwezi kufunga buke ya maana. Nazikata zikiwa nusu kufunguka vile banafanyaka na roza. Niongeze mbolea ya mbuzi ao mbegu njo mbaya?

mama_Kadutu
Dada yangu, mbolea wacha kwanza, ikipita kipimo unapata majani mingi na bua laini. Roza unaikata ikiwa bado imefunga na itajifungulia mu maji, lakini zinia hapana, vile unaikata njo vile itabakia, na bua hapo chini ya kichwa inakuwa bado laini, njo maana inapinda. Shika bua kama sentimita 20 chini ya ua, tikisa polepole. Kichwa ikicheza huku na kule iache siku zingine. Bua ikisimama ngumu, ikitikisika yote pamoja na kichwa, kata. Mimi natikisa kila moja hata kama kliya ananingojea ku mulango, macho peke haitoshe.

Ju ya urefu: mumea ikifika sentimita 25 hivi, kata ncha ya katikati juu ya jozi ya tatu ao ya nne ya majani. Najua inauma roho kukata kitu yenye inaanza kupendeza, lakini matawi yanatoka pembeni, marefu, yamenyooka. Na siku ya kuvuna usikate karibu na ua, shuka chini sana mpaka juu ya jozi ya majani, hata kama unapoteza vitumba viwili vitatu vya pembeni. Ukikata juu juu, yenye itafuata itakuwa fupi zaidi.

yaya_wa_Katuba
Mama amesema kweli. Lakini angalia na mbegu pia dada, kuko zinia za kupamba mupaka wa bustani, sawa Thumbelina, zile hazipite sana sentimita 20 hata ungefanya nini. Za kukata ni Benary's Giant, inafika mita moja na kupita, ao Oklahoma, vichwa vidogo lakini vingi. Benary's Giant si hibridi kwa hiyo mbegu unaweza kujichungia, acha kichwa ikauke kabisa ku mumea, utaona mbegu iko ku mwanzo wa kila petali, sura ya mushale. Ila nyuki na vipepeo banachanganya rangi, ukitaka nyekundu ibakie nyekundu panda mbali na zingine. Sisi Lubumbashi mwezi wa 6 na wa 7 usiku baridi inakamata na zinia zinadumaa, ile ni ua ya Mexico, inataka joto.

maua_ya_Bagira
Asante sana mama na yaya!! Nitaanza kutikisa. Tena majani yanafanya unga nyeupe, na kama ndoa ni siku ya posho naweza kuvuna siku ya tano na kuweka mu frigo ya vinywaji?

mama_Kadutu
Frigo hapana dada, baridi ikishuka chini ya digri 4 petali zinaharibika. Weka mu ndoo safi, mu chumba ya kivuli. Toa majani yote yenye yatagusa maji, tia matone kidogo ya javele na badilisha maji kila siku ju zinia inachafua maji haraka sana. Ukifanya hivyo wiki inaisha bado zinasimama.

Ule unga ni ugonjwa ya kuvu, inapenda mimea yenye imebanana. Acha sentimita 30 kati yao, mwagilia ku shina, si juu ya majani. Mu masika yetu hapa majani yanalowa kila siku na madoa ya kahawia yanaongezeka, ju ya hiyo mimi napenda kiangazi. Ndoa ikiwa mwisho wa mwezi wa 8, mbegu iingie mwanzo wa mwezi wa 6, moja kwa moja mu udongo, kina sentimita 1, haipendi kuhamishwa. Na usikubalie bibi harusi bulu, zinia ya bulu haiko.

Himbi_Goma
Mwenye iko na mbegu ya Queen Lime ile ya kijani aniandikie, niko Goma, naweza kutuma mutu ku bato.