RV ya zamani, taa za ndani: nibadili balbu tu, nibandike vibamba vya LED, au ning'oe taa nzima?

Msafiri_Texas
Wadau habari za jioni. Tumechukua RV (gari la safari lenye vitanda na jiko ndani) ya mkono wa pili hapa Houston, ya mwaka 2003. Injini nzima, mabomba mazima, ila taa za ndani zote ni za kizamani. Darini kuna taa kumi zenye balbu namba 1141, zile za kusokota zenye pini mbili pembeni. Juu ya jiko na kitandani kuna ndogo za kuchomeka, namba 921. Sehemu ya kukaa kuna taa moja ya bomba la fluoresenti.

Mwezi wa kumi na moja tunataka kwenda Big Bend, hifadhi ya taifa huku Texas, na kambi nyingi za kule hazina umeme wa kuchomeka. Tutakula betri. Sasa nibadili balbu peke yake, nibandike vile vibamba bapa vya LED ndani ya taa hizihizi, au ning'oe zote nifunge mpya? Mama watoto anataka mpya. Mimi naangalia mfuko.

Dereva_wa_Masafa
Mkuu, kwanza piga hesabu ujue unachookoa. 1141 moja inakula karibu ampea 1.4. Kumi zikiwaka pamoja ni ampea 14. Kama una betri ya kawaida ya asidi ya Ah 100 (ampea-saa, yaani ampea mara saa), hutakiwi kuivuta chini ya nusu, kwa hiyo una 50 za kutumia. Gawanya: muda wa saa tatu na nusu tu, hapo hujagusa pampu ya maji wala feni ya hita. LED ya wati 3 inakula robo ampea. Kumi ni kama mbili na nusu, unafika saa ishirini. Njia yoyote utakayochagua, hesabu ni ileile. Anza na balbu, hela iliyobaki tia mafuta.

FundiWaya_Arusha
Kaka, nafunga waya kwenye magari ya watalii huku, na sioni tofauti na yako. Mimi naanzia kwenye volti, wati baadaye. Watu wanasoma "12V" kwenye pakiti wanafikiri wamemaliza. Chukua mita upime kwenye holda. RV ikiwa imechomekwa kwenye umeme wa kambi utakuta 13.6 hivi, chaja ikipandisha inagonga 14.4, na betri ikichoka unashuka chini ya 12. LED ya bei ya chee ina rezista tu ndani. Volti zikipanda inawaka kupita kiasi na kupata moto, zikishuka inafifia. Hizo ndizo zinazoanza kupepesa baada ya muda, watu wakalaumu waya.

Tafuta iliyoandikwa 10–30V. Hiyo ina kidhibiti umeme ndani, mwanga haubadiliki. Huku tunazipenda kwa sababu Coaster nyingi za dizeli ni volti 24, balbu ileile unaihamishia kwenye Land Cruiser ya volti 12 bila wasiwasi.

Bi_Mwanakheri
Wanaume mnahesabu ampea, hakuna aliyemuuliza atalala vipi humo ndani. Mwanangu, angalia rangi ya mwanga. Pakiti nyingi za bei rahisi ni kelvini 6000, mweupe wa bluu, ukiwasha usiku RV yako inakuwa kama duka la dawa. Kitandani na sehemu ya kukaa weka 2700 au 3000. Jikoni 4000 inafaa, unaona kisu kinapopita. Na ukikuta wameandika CRI 90 (kipimo cha mwanga kuonyesha rangi halisi, mwisho 100) chukua hiyo hata ikizidi dola kidogo. Kwenye mwanga mbovu nyama mbichi na nyama iliyoiva zinafanana, na wewe unapika kwenye jiko la mafiga mawili.

Mkeo msikilize, lakini kwanza vua kifuniko cha plastiki cha taa moja ukitazame. Balbu za zamani zina joto, huwa zinakiunguza pale katikati kikawa na doa la kahawia. Kama ni njano tupu, LED nzuri kiasi gani haitakusaidia.

Kijana_wa_Columbus
Nyongeza: ukiweka LED isiwake usiitupe, igeuze tu upande wa pili. LED ina chanya na hasi.

FundiWaya_Arusha
Hapo nusu kweli. Ile 921 ya kuchomeka ndiyo, ukiigeuza miguu inabadilishana. Hii 1141 hata uizungushe mara mia, ncha ya chini ni upande mmoja wa umeme na ganda ni upande mwingine, hakibadiliki kitu. Kama kiwandani waliunga waya kinyume, ubadilishane waya nyuma ya taa au ununue LED isiyochagua upande. Na usichukue 1157 kwa bahati mbaya. Ile ni ya breki, pini zake haziko usawa mmoja, moja iko juu zaidi, haingii.

Dereva_wa_Masafa
Nakubali kuhusu volti. Ila turudi kwenye swali lake, balbu au kibamba. Taa za darini kwenye RV nyingi balbu imelala ubavu. LED ya umbo la gunzi inamulika pande zote, nusu ya mwanga inapigia darini ikirudi imechoka. Kibamba bapa LED zote zinatazama chini, lumeni (kipimo cha mwanga) 250 zake unaziona zote, na ndizo karibu sawa na 1141 ya kawaida. Ubaya wake ni ile tepu ya pande mbili. Joto la Texas kiangazi, gari limefungwa juani, gundi inalainika kibamba kinaning'inia kwa waya. Futa bati kwa spiriti kwanza, na ongeza kiskurubu kama kuna nafasi.

Kijana_wa_Columbus
Kabla hujanunua pakiti nzima, nunua moja. Iwashe, washa redio ya FM, sikiliza kama inakoroma. Vidhibiti vingine vinatoa kelele na kuvuruga hata antena ya TV. Kisha elekeza kamera ya simu kwenye taa, ukiona mistari myeusi inatembea, inapepesa hata kama jicho halioni.

Msafiri_Texas
Asanteni sana. Nimevua vifuniko: saba viko sawa, vitatu vya upande wa jikoni vimeungua kabisa. Kwa hiyo darini vibamba vya 10–30V, kelvini 3000, hivyo vitatu nang'oa taa nzima na kuweka za 4000. Kitandani 921 za LED. Mama watoto amepata mpya tatu, ameridhika nusu. Bado ile fluoresenti. Nibadili bomba tu?

FundiWaya_Arusha
Bomba la LED la nyumbani usiweke, yale ni ya umeme wa volti 120. Fungua, ng'oa ile balasti (kifaa kinachoendesha bomba), chanya na hasi zipeleke moja kwa moja kwenye ukanda wa LED wa 10–30V ndani ya boksi lilelile. Chomoa fyuzi ya taa kabla hujagusa waya, na uzime chaja.

Bi_Mwanakheri
Na hiyo nayo 3000, usisahau.