Mama yangu kauziwa "kipande cha Safina ya Nuhu" kwa elfu hamsini. Nimechoka na biashara hii

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu na una hasira, asiyeweza kusoma apite kimya kimya. Na kabla hamjanijia na "huyu mpagani huyu": nimebatizwa, nina kipaimara, naimba besi ibada ya kwanza kila Jumapili. Hasira yangu inatokea humo humo kanisani.

Iko hivi. Mtaani kwa mama kulikuwa na semina ya siku tatu. Akaja mtumishi na projekta, skrini kubwa na laptop iliyojaa video: Safina imepatikana, magari ya Farao yamepatikana, Sodoma imepatikana, kuta za Yeriko zimepatikana. Simtaji jina wala kanisa, sitaki moderator afute uzi. Siku ya mwisho nyuma ya ukumbi ikatandikwa meza: mafuta, maji ya Yordani, flashi zenye video zile zile, na kikapu cha vijiwe. Mama akauza debe mbili za maharage, akaenda kununua jiwe.

Nikapigiwa simu. "Baba, njoo nyumbani uone, nimepata kipande cha Safina."

Nikaenda. Shikamoo, marahaba, chai mezani. Akatoa bahasha kwenye mkoba, ndani ya bahasha kuna kitambaa, ndani ya kitambaa kuna jiwe la ukubwa wa kiberiti, rangi ya kutu, lina mistari mistari. "Hii ni mbao iliyogeuka jiwe," akasema. "Hiyo mistari ni nyuzi za mti."

Sasa wakuu, mimi nipo migodini Kanda ya Ziwa mwaka wa kumi na moja, msaidizi kwa wanajiolojia. Kazi yangu ni kubeba sampuli, kuzioshea, kuziandika namba. Jiwe la namna ile nilishalibeba mpaka mabega yamekataa. Nikaomba kigae kilichobaki walipotengeneza choo, nikakigeuza upande wa nyuma ule usio na mng'ao, nikalikwaruza. Likaacha mstari wa manjano uliochanganyika na kahawia. Limonaiti hiyo. Kutu ya chuma ndani ya mwamba. Kwetu huku mawe kama hayo yanakwenda kwenye magwangala, yaani mawe ya taka ya mgodi, na watoto wanayarushia mbwa.

Mama akaniangalia, akaangalia kigae, akasema taratibu: "Hata kama ni mwamba tu, si umetoka kule?"

Sikujibu. Ningemjibu nini? Sijui hata kama lilitoka "kule" au lilitoka nyuma ya gesti aliyolala mtumishi.

Haya, tuje kwenye hiyo Safina yenyewe, maana najua mtaniletea video. Ile picha ya umbo la mashua kwenye mteremko ni sehemu inaitwa Durupınar, karibu na mji wa Doğubayazıt, mashariki ya Uturuki, kama kilomita 30 hivi kusini ya mlima mnaouita Ararati. Imepewa jina la kapteni wa jeshi la Uturuki aliyeiona kwenye picha za angani mwaka 1959. Mwaka 1960 wakaenda watu wa kutoka Marekani, watu waliotaka sana iwe Safina, wakachimba, wakalipua na baruti, wakakuta udongo na mawe. Wakarudi kwao. Hadithi ingeishia hapo.

Haikuishia. Mwaka 1977 akafika Ron Wyatt, mtaalamu wa dawa za usingizi hospitalini, wa Tennessee. Huyo bwana kwa maelezo yake mwenyewe alipata Safina, akapata magurudumu ya Farao, akapata Sodoma, akapata Mlima Sinai Uarabuni, na kumalizia akapata Sanduku la Agano chini ya Golgotha. Mtu mmoja! Watu wanachimba Israeli maisha yao yote wanaambulia vigae vya vyungu, yeye kwenye likizo zake kazini anaokota agano lote la kale. Amefariki 1999, na Sanduku hilo hakuna mwingine aliyeonyeshwa kwa namna ya kuweza kulikagua. Robo tatu ya video alizoleta yule mtumishi chanzo chake ni huyo huyo.

Mtasema vipimo vinalingana na Mwanzo 6:15. Dhiraa 300 urefu, 50 upana. Urefu, ukichagua dhiraa ndefu ya Kimisri, unakaribia. Upana haukubali hata kidogo, umbo lile ni pana mno. Mkiuliza mnaambiwa mbavu za meli zilifunguka zikalala. Yaani kinacholingana ni ushahidi, na kisicholingana kimefunguka.

Wanajiolojia waliokwenda wanasema ni umbo la asili, na wapo wanaoeleza kuwa ni tope la maporomoko lililoteremka likakizunguka kizibo cha mwamba kulia na kushoto, kama maji ya mto yanavyolizunguka jiwe. Aliyewahi kukaa karibu na korongo ameona kitu hicho kidogo kidogo kila masika. "Misumari" yao ni limonaiti, ile ile iliyo kwenye mkoba wa mama. Na msidhani waliopinga ni makafiri: mwaka 1992 jarida la watu wanaoamini uumbaji wa siku sita na gharika ya dunia nzima lilitoa makala ya mwanajiolojia wao likaikataa Durupınar. David Fasold, aliyewahi kuzunguka na Wyatt akiitangaza, mwaka 1996 aliweka jina lake kwenye makala ya kitaalamu iliyosema ni mwamba wa kawaida.

Na ile rada inayopenya ardhini ambayo kila baada ya miaka miwili mitatu inarudi na kichwa cha habari kipya: rada haina macho. Inaonyesha kwamba hapa tabaka limebadilika. Sisi kazini rada ikituonyesha mstari, tunapeleka mashine ya kuchoronga tutoe kiini, yaani kipande cha mwamba wenyewe wa chini, tukione. Bila kiini ni mchoro tu.

Halafu someni basi hiyo Biblia mnayoitetea. Mwanzo 8:4 inasema "milima ya Ararati". Wingi. Na 2 Wafalme 19:37 wana wa Senakeribu wakakimbilia "nchi ya Ararati". Ni nchi, ile wasomi wanayoiita Urartu, kubwa kubwa tu. Biblia haikumtajia mtu kilele wala kijiji. (Ndugu zetu Waislamu msicheke, najua mna mlima Judi, Kurani sura ya Hud aya ya 44, na huko nako wapo wenye picha.)

Magari ya Farao je? Picha za matumbawe ya mviringo baharini kule Nuweiba, Misri. Tumbawe likiota duara, gurudumu. Hakuna gurudumu hata moja kwenye kabati la makumbusho yoyote ambalo mtaalamu analipima umri. Na ile habari ya "wanaakiolojia wa Misri wamepata mifupa ya jeshi la Farao" aliyoisoma kwa sauti ya kutetemeka mpaka kina mama wakalia, ile ilitoka mwaka 2014 kwenye World News Daily Report, tovuti ya kuchekesha watu ambayo yenyewe inakiri habari zake ni za kubuni. Ukumbi mzima umelia kwa utani wa mtu.

Sodoma akaonyesha Tall el-Hammam ya Jordan, na makala ya Scientific Reports ya 2021 iliyosema kimondo kilipasukia angani juu ya mji. Hiyo angalau ilikuwa makala kweli. Ila jarida lenyewe liliifuta Aprili 2025. Semina imefanyika baada ya hapo. Yeriko sitakaa sana: mwanaakiolojia Garstang miaka ya 1930 alisema ukuta aliouona ni wa Yoshua, mwenzake wa baadaye Kathleen Kenyon akachimba 1952 mpaka 1958 akakuta mji ule uliharibiwa karibu 1550 kabla ya Kristo, mapema mno kwa Yoshua. Wapo wasomi wanaombishia hadi leo, na mjadala ni halali kabisa. Lakini mtumishi alimtaja Garstang, Kenyon akamruka kama shimo barabarani.

Sasa sikilizeni kinachoniuma hasa.

Kulikuwa na daftari la safari. Safari ya kwenda Uturuki "kuikanyaga Safina", unalipa kidogo kidogo. Watu wa mtaa wa mama, wauza dagaa, wanaandikishwa kupanda ndege wakaone tope. Na katika nchi hiyo hiyo ya Uturuki, Istanbul, kwenye makumbusho, lipo jiwe moja ambalo mimi ningelipa hela yangu kuliona, na yule bwana hakulitaja hata kwa bahati mbaya.

Ni maandishi ya Siloamu. Yalipatikana 1880 Yerusalemu, ndani ya handaki la maji. Handaki lina mita 533, limepinda pinda kama nyoka, na lilichimbwa na vikosi viwili, kimoja huku kimoja kule, vikitafutana chini ya mwamba. Mistari sita imechongwa inasimulia siku waliyokutana: zilipobaki dhiraa tatu ikasikika sauti ya mtu akimwita mwenzake ng'ambo ya pili, wakagonga sururu kwa sururu, na maji yakatembea. Wakuu, mimi nimesimama kwenye uso wa mwamba tukisubiri kutoboa. Unaweka sikio ukutani. Unasikia kama panya, kisha kama mtu anabisha hodi, kisha vumbi linaanza kunyonywa upande wa pili na kila mtu anapiga kelele. Hao jamaa wameandika kitu hicho hicho miaka elfu mbili na mia saba iliyopita, bila dira, bila compressor. Nilisoma mara ya kwanza usiku nikiwa kambini nikamwamsha mwenzangu kitandani.

Na oneni tofauti. Handaki lile huitwa la mfalme Hezekia wa Yuda, lakini maandishi yale hayamtaji. Hakuna mtu amechongea jina lake usiku ili yauzike. Wataalamu wameyaunganisha naye kwa umbo la herufi, kwa 2 Wafalme 20:20 inayotaja birika na mfereji, na kwa vipimo vya plasta ya handaki vilivyochapishwa 2003 ambavyo viliangukia zama hizo hizo. Hivyo ndivyo kazi inavyofanywa. Lipo pia jiwe la Tel Dan, 1993, lenye "nyumba ya Daudi". Lipo jiwe lenye jina la Pilato lililopatikana Kaisaria 1961. Yote yanaonekana, yanapimwa, yanabishaniwa hadharani. Mara ngapi mmetumiwa hayo kwenye grupu la jumuiya? Mimi sifuri. Gurudumu la matumbawe nimetumiwa mara tano mwaka huu.

Jirani wa mama alishakwenda hija Israeli, akarudi na picha chini ya mkuyu wa Zakayo, na picha kwenye nyumba ya wageni ya Msamaria Mwema. Ya mkuyu nilinyamaza. Ya Msamaria ikanishinda. Mama mdogo, ule ni mfano! Yesu alikuwa anasimulia!

NYONGEZA, saa nne usiku: Nimeona majibu. Anayesema "imani haihitaji vipimo", sawa kabisa, basi msifungue projekta. Ni ninyi mliosema "sayansi imethibitisha", mimi nimeuliza tu sayansi ipi. Anayesema nimemvunja mama yangu moyo, hilo limenichoma, sitabisha. Jiwe nimemrudishia, amelifunga tena kwenye kitambaa chake.

Namba iliyokuwa kwenye bango nimepiga. Akapokea kijana mpole sana, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema sadaka hairudishwi. Nikamwambia haikuwa sadaka, kulikuwa na bei kwenye kikapu. Akasema niangalie risiti.

Nimeiangalia. Tarehe ipo, jina la mama lipo, 50,000 ipo. Pale penye "malipo ya" wameandika kwa kalamu: mbegu. Kama kuna mwanasheria humu, hapo naanzia wapi?