Tupeane uzoefu: joto na afya ya nyoka mgeni kwenye baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Uyole_Juu

Wakuu, Juni hiyo inakuja na maswali yameshaanza: nyoka kagoma kula, nyoka anapiga mluzi puani, nyoka katapika panya. Mengi ya hayo hayaanzi na kidudu, yanaanza na baridi ya usiku. Maelekezo mengi yanayozunguka yameandikwa na watu wa nchi ambazo nyumba ina hita na chumba hakishuki chini ya nyuzi 20. Chumba cha tofali kisicho na dari, Uyole au Njombe, Julai alfajiri kinaweza kusoma 12. Kifaa kilekile, matokeo mengine kabisa. Naomba tuweke vipimo, siyo "mpe joto la kutosha".

Naanza. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, anataka sehemu ya kuotea joto yenye nyuzi 31 hadi 33, upande wa pili 25 hadi 27, na usiku hewa isishuke chini ya 24. Nyoka wa nyumbani wa kahawia, wale wa jamii ya Boaedon, ni wavumilivu: 29 hadi 31 upande wa moto, 22 hadi 25 upande wa baridi, usiku hata 20 hawalalamiki. Anayeanza akiwa huku juu aanze na huyo wa pili.

Na kabla ya boksi la kumwekea nyoka, kibali. Mnyamapori ni mali ya umma na kumfuga bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Chatu wamo pia kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo wa kutoka nje ana makaratasi yake ya ziada. Maliza hilo kwanza na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Kijana aliyeokota kifutu kwenye shamba la mahindi na anataka ushauri wa kumfuga, huu siyo uzi wake.

FundiMafinga

Nakazia hapo kwenye vifaa. Mkeka wa joto, ule wa umeme unaowekwa chini ya tenki, unapasha tumbo, haupashi hewa. Chumba kikiwa na 13, sakafu ya tenki inaweza kusoma 32 huku hewa anayovuta nyoka ikiwa 17. Hapo ndipo mapafu yanapoanza kusumbua, na mwenye nyoka anaapa kwamba joto lipo kwa sababu kipimo kimelala juu ya mkeka.

Tenki la kioo huku ni kupoteza umeme. Tengeneza boksi la plaiwudi ya mm 18, urefu sentimita 90, kina 45, kimo 45, mlango wa kioo mbele tu. Mafinga plaiwudi siyo tatizo. Chukua lile povu jeupe gumu linalokuja kwenye maboksi ya friji na TV, la sentimita 2.5, bandika nje ya boksi juu, chini, nyuma na ubavuni. Usibandike ndani, nyoka atalichimba. Boksi la ukubwa huo bila povu, chumba kikiwa na 14, linapoteza kama wati 75 hadi 80 ili libaki na wastani wa 27. Ukilivisha povu inashuka mpaka karibu 45, na nyingi ya hizo zinatokea kwenye kioo cha mlango. Usiku funika kioo na blanketi, ila matundu ya hewa yaachwe wazi: safu ya vitobo chini upande wa baridi na nyingine juu upande wa moto.

Chanzo cha joto ni balbu ya kauri isiyotoa mwanga, wati 100, darini upande mmoja. Holda iwe ya kauri pia, ya plastiki itayeyuka. Iwekee kizimba cha wavu pande zote, maana uso wa balbu hiyo unapita nyuzi 200 na nyoka hajui kuruka moto, anajizungushia. Balbu za mwanga usiku kucha hapana, nyoka anahitaji giza. Mawe ya umeme ya kuotea usinunue hata ukipewa bure: nyoka huchelewa kuhisi kwamba tumbo linaungua.

Kontrola ya joto, kile kifaa cha kuwasha na kuzima balbu chenyewe, si lazima uagize nje. Wanaounda mashine za kutotolesha vifaranga wanatumia zilezile. Chukua ya volti 220 iliyoandikwa wati 1500. Ile ndogo ya W1209 ni ya volti 12, ukiipa umeme wa ukutani inakufa hapohapo. Weka iwashe kwenye 30 na izime kwenye 31.5. Sensa ifungwe upande wa moto, kimo cha mgongo wa nyoka, kwa kibanio kisichosogea. Nyoka akiivuta mpaka upande wa baridi, au ikidondokea kwenye bakuli la maji, kontrola inaona baridi na kupasha bila kukoma. Nyoka anaweza kufa kwa kupikwa hivyo, siyo kwa baridi tu. Ndiyo maana naweka kontrola ya pili kwenye waya uleule, imewekwa izime kwenye 36. Rilei, yaani swichi ya ndani, ya kontrola ya kwanza ikiganda, ya pili inakata.

Mama_Mafiati

Fundi, hiyo inakula yuniti ngapi? Na umeme ukikatika saa nane usiku inakuwaje? Wengine wanashauri jiko la mkaa chumbani.

FundiMafinga

Dada, wati 100 ikiwaka nusu ya muda ni yuniti 1.2 kwa siku, kama 36 kwa mwezi. Kama uko kwenye kundi la yuniti 75 kwa mwezi, piga hesabu kabla ya kununua nyoka, maana hizo ni karibu nusu ya kiwango chako.

Jiko la mkaa usiliingize kabisa. Hewa yake inaua watu waliolala, seuze nyoka aliyefungiwa boksini. Umeme ukikatika boksi lenye povu linapoa polepole, unapata muda wa kuchemsha maji. Jaza chupa mbili za lita moja na nusu, maji ya nyuzi 45 tu, zungushia taulo, weka upande wa moto, badilisha kila baada ya saa mbili au tatu. Usimlishe siku ambayo umeme unasumbua.

DktMifugo_Iringa

Kamwene wote. Hilo la mwisho nalipanua. Nyoka hasagi chakula bila joto. Akimeza panya halafu boksi lote likashuka mpaka 20 na kubaki hapo, panya anaoza tumboni kabla hajasagwa, na siku ya pili au ya tatu anatoka mzima akinuka. Akitapika, usimlishe tena kesho yake kwa huruma. Mpe maji, rekebisha joto, ngoja siku 14, kisha mpe panya wa nusu ya ukubwa wa kawaida. Akitapika mara ya pili, hapo ni vipimo vya kinyesi.

Dalili za mapafu: mapovu au utando puani na mdomoni, sauti ya mluzi anapovuta pumzi, kichwa kuinuliwa juu muda mrefu, mdomo kuachwa wazi. Mluzi kidogo akiwa anakaribia kujivua ngozi unaweza kuwa wa kawaida, mapovu hayana ukawaida. Mweke kwenye joto la juu la kiwango chake saa 24, bila kushusha usiku, umpeleke kwa daktari. Kinga ya nyoka inafanya kazi kwa joto, na hata dawa kwenye mwili uliopoa haifanyi kazi inavyotakiwa.

Watu wanakimbilia OTC, ile antibayotiki ya sindano ya ng'ombe, kutoka duka la pembejeo na kukisia dozi. Acheni. Nyoka anapimwa uzito kwa gramu, na sindano inachomwa theluthi ya mbele ya mwili, kwa sababu damu ya nyuma inaweza kupita kwenye figo kabla ya kuzunguka. Dawa inayotumika sana ni antibayotiki ya ceftazidime, miligramu 20 kwa kilo, kila baada ya saa 72. Nyoka anaitoa mwilini taratibu, ukichoma kila siku unamzidishia. Daktari wako akiwa hajawahi kutibu nyoka, mwonyeshe mstari huu, ila kupima na kuchoma mwachie yeye.

Utitiri: vidoti vyeusi vinavyotembea kwenye magamba, hasa kidevuni na kuzunguka jicho, na nyoka anayeshinda ndani ya bakuli la maji. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ni sumu kwake. Toa kila kitu, sugua boksi kwa maji ya moto, tandika karatasi, na rudia kila wiki kwa wiki nne, kwa sababu mayai yanaendelea kuanguliwa pembeni za mbao.

Nyoka mgeni akae peke yake siku 60 hadi 90, chumba tofauti na wengine, juu ya magazeti. Gazeti halivutii, ila kinyesi, damu na utitiri vinaonekana siku hiyohiyo. Maranda ya paina mabichi yaache, mafuta yake yanakera njia ya hewa. Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni, ambayo haitarudi jikoni. Nyoka wengi wana salmonella bila kuumwa, kwa hiyo mikono inaoshwa kwa sabuni na watoto chini ya miaka mitano hawamshiki. Python regius anaweza kugoma kula miezi kadhaa na asiwe mgonjwa. Akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito, njoo.

Tukuyu_Mvua

Ndaga, dokta. Nyongeza ya unyevu, maana huku nyanda za juu ukanda mmoja una hali mbili. Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, kwetu tatizo ni kukausha. Unyevu pamoja na ubaridi unaozesha magamba ya tumbo: yanabadilika rangi kuwa kahawia, kisha malengelenge. Ongeza matundu ya juu, bakuli dogo la maji upande wa baridi, karatasi ibadilishwe ikilowa.

Iringa na Makambako ni kinyume, upepo wa Julai na kuendelea unakausha kila kitu na balbu ya kauri inaongeza ukavu. Chatu anataka asilimia 55 hadi 70. Macho yakigeuka ya bluu, yaani anakaribia kujivua ngozi, mwekee kopo la plastiki lenye tundu na taulo iliyokamuliwa ndani, upande wa moto. Ngozi ikitoka vipande, mloweke kwenye maji ya nyuzi 28 hadi 30 kwa dakika 20. Kifuniko cha jicho kikibaki, usikibandue kwa kibanio, ngoja kujivua kunakofuata.

Mama_Mafiati

Panya wa darini anafaa? Na kipimo cha joto kipi?

Uyole_Juu

Panya wa darini ana uwezekano wa kuwa amekula sumu ya panya, na minyoo juu. Fuga panya weupe. Ukubwa usizidi unene wa nyoka pale alipo mnene zaidi. Mdogo kila siku 7, mkubwa kila siku 14 hadi 21. Wa friji myeyushe, kisha mtumbukize kwenye maji ya moto akiwa ndani ya mfuko mpaka afike kama 38. Akishakula asishikwe saa 48.

Kipimo, chukua cha kidijitali chenye waya, viwili, kimoja kila upande. Vile vya saa vya kubandika vinadanganya. Bastola ya kupimia joto ni nzuri kwa sakafu, ila zile za kupimia watu paji la uso zinaishia 32 kwa chini mpaka uziweke kwenye hali ya kupima uso wa kitu.

Kitonga_Usiku

Na usafiri, kama vibali viko tayari. Basi la Dar likipita Ruaha Mbuyuni ni joto, likimaliza kupanda Kitonga ni baridi, na Makambako usiku ndiyo balaa. Nyoka ndani ya mfuko wa kitambaa uliofungwa, mfuko ndani ya boksi la povu la samaki lenye vitobo, boksi juu ya mapaja yako, siyo kwenye buti la basi. Asile siku saba kabla ya safari.

Akifika amepoa, usimweke chini ya balbu moja kwa moja. Weka mfuko upande wa baridi wa boksi lililokwisha kupashwa tangu jana yake, ufungue mdomo wa mfuko, atoke mwenyewe. Awe na maficho mawili, moja kila upande, la sivyo atachagua kujificha kuliko kuota joto. Wiki nzima usimshike, chakula cha kwanza siku ya saba.