Pwani nisiyoijua: najuaje wapi na saa ngapi kuna mawimbi mazuri ya kuteleza?

Mgeni_wa_Maji

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wale mnaoteleza mawimbi na mnaosafiri. Mimi nimezoea ufukwe mmoja tu, huo naujua vizuri, nikitoka nje asubuhi nikasikia upepo najua kabisa niingie au nirudi kulala. Sasa natarajia kwenda pwani ambayo sijawahi kufika na simjui mtu huko, nikiangalia kwenye ramani naona rasi, ghuba, miamba, fukwe kibao, sielewi nianzie wapi. App za utabiri zinanipa mita 1.2, sekunde 13, mshale mmoja huku mwingine kule. Hizo namba nyinyi mnazisomaje? Na mtu akishafika anajuaje kwamba ufukwe huu ndio wenyewe au asogee wa pili? Ubao wangu ni wa futi 7, uwezo ni wa kati.

Sekunde_Kwanza

Karibu mkuu. Watu wengi wanakimbilia hizo mita, yaani kimo cha wimbi, mimi naanza na sekunde. Huo ni muda kati ya wimbi moja na linalofuata, zikiwa 6 au 7 ujue ni mawimbi ya upepo wa hapo hapo karibu, yanakuja ovyo ovyo na hayana nguvu, lakini zikifika 12 kwenda juu hayo yametoka kwenye dhoruba ya mbali, yamesafiri kwenye maji mengi na njiani yamejipanga. Wimbi la sekunde 14 kwenye kina kirefu lina kama mita 300 toka kilele hadi kilele, linaanza kuigusa sakafu ya bahari kwenye kina cha mita 150 hivi, wakati la sekunde 7 mpaka lifike kwenye mita 40 ndo linaigusa. Kwaiyo la sekunde nyingi linapindishwa na kuinuliwa na umbo la chini mapema sana, na likija kuvunjika linakuwa kubwa kuliko namba uliyoiona kwenye simu. Hiyo mita 1.2 ya sekunde 13 usiichukulie poa, kwa mtu wa kati ni siku nzuri sana ila kwenye ufukwe ulio wazi kabisa inaweza kukuzidi.

Alafu mwelekeo. Ukiona digrii, kwa kawaida ni upande yanakotoka, 225 ni kusini-magharibi. Chukua ramani uangalie ni fukwe zipi zinatazama huko, hizo zinapokea yote. Ghuba iliyojificha nyuma ya rasi inapokea kidogo, ila mawimbi ya sekunde nyingi yanaizunguka ile rasi yanaingia yakiwa madogo na yamenyooka vizuri, na hapo ndo mahali pa mgeni siku bahari ikiwa kubwa. Siku ndogo nenda ulio wazi. Na usidhani fukwe mbili jirani zinafanana, pale Nazaré, Ureno, kuna korongo kubwa chini ya bahari linalokusanya nguvu ya mawimbi sehemu moja, kwaiyo yanainuka ya kutisha upande mmoja wa rasi na ufukwe wa upande wa pili unakuwa na afadhali kubwa siku hiyo hiyo.

Upepo_Alfajiri

Nakubaliana na mkuu hapo juu ila mimi upepo nauweka mbele ya vyote, kwa sababu mawimbi mazuri yenye upepo mbaya ni kazi bure. Unautaka ule unaovuma toka bara kwenda baharini, tena mwepesi, unalishikilia wimbi lisianguke haraka na uso wake unakuwa laini, ukivuma toka baharini unaliangusha kabla hujasimama na kila kitu kinakuwa povu. Sehemu nyingi alfajiri inakuwa tulivu au upepo unatoka bara kwa vile nchi kavu imepoa usiku, jua likishaichoma unageuka, mchana unavuma toka baharini. Kwaiyo mgeni asiyejua chochote akaamka mapema tayari ana nafasi kubwa. Na kama upepo umekaa upande mmoja kutwa nzima usikate tamaa, tafuta kwenye ramani ufukwe ulioupa mgongo.

Kingine ni msimu, hilo uliangalie kabla hujakata tiketi. Oahu kule Hawaii pwani ya kaskazini inapata mawimbi makubwa wakati wa baridi toka dhoruba za Pasifiki ya kaskazini, ikifika majira ya joto inatulia na pwani ya kusini ndo inaamka kwa mawimbi ya dhoruba za upande wa kusini mwa dunia. Kisiwa kimoja hicho.

Dada_Mwambani

Ndugu yangu hayo yote ni ya kwenye simu, ukifika kaa kwanza chini uangalie, nusu saa isipungue. Mawimbi makubwa yanakuja kwa makundi, unaweza kukuta bahari imetulia dakika 15 ukaingia kwa raha alafu kundi likakukuta katikati. Angalia wimbi linaanzia upande mmoja na kufunguka taratibu au linavunjika lote kwa mpigo, hilo la mpigo achana nalo hata kama ni zuri kwa macho. Angalia pia pale ambapo mawimbi hayavunjiki na maji yana rangi nzito katikati ya povu, mara nyingi ni mkondo unaorudi baharini, wazoefu wanautumia kufika haraka kule nje mawimbi yanakoanzia, wewe ukikukamata usiushindanie, shikilia ubao, piga kasia kuambaa na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo.

Na waulize waliopo kwa heshima. Wasalimie, usiende kukaa katikati yao moja kwa moja, anayekuwa karibu zaidi na pale wimbi linapovunjikia ndo mwenye wimbi, hiyo ni kila mahali. Kama hakuna mtu hata mmoja majini na bahari inaonekana nzuri, muulize mvuvi kwanza kuna nini.

Mgeni_wa_Maji

Asanteni sana jamani, nimeelewa mengi. Hamjagusia kujaa na kupwa. Kuna ratiba zake, ila nichague saa gani?

Sekunde_Kwanza

Inategemea chini kuna nini mkuu. Wimbi linavunjika pale kina kinapokaribia mara 1.3 ya kimo chake, kwaiyo la mita 1 linavunjika kwenye maji ya mita 1.3 hivi. Kwenye mwamba maji yakipwa sana unateleza juu ya mawe yenyewe, yakijaa sana wimbi linapita bila kuvunjika, mchanga nao maji yakiwa chini mara nyingi mawimbi yanaanguka kwa mpigo. Usipojua kabisa anza na maji ya katikati yanayopanda. Saa zinasogea kama dakika 50 kila siku, na kipindi cha bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji kujaa na kupwa ni kubwa kuliko kipindi cha maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ufukwe unaweza kubadilika kabisa ndani ya saa 2.

Mimi nikifika sehemu ngeni nakwenda kwanza maji yakiwa yamekupwa, bila ubao, napiga picha miamba yote iliyojitokeza na mlango wa kuingilia. Yakija kujaa unajua chini yako kuna nini.