Lami ya zamani iliyokwanguliwa: naomba ushauri

Habari zenu mafundi wa barabara. Nasimamia kiwanda kidogo cha lami hapa Mombasa, upande wa Changamwe. Tuna rundo kubwa la lami iliyokwanguliwa barabarani, na tajiri anataka tuichanganye asilimia 30 kwenye tabaka la juu. Kwake yeye ni pesa iliyolala.

Mimi nasita. Asilimia 15 hivi sina neno. Lakini lami ya zamani imeshakakamaa kwa jua na hewa. Ukiizidisha, barabara hupasuka mapema. Kwa lami mpya ya kuchanganya nayo, nimefikiria kuacha ile ya daraja la 60/70 (namba za kipimo cha ulaini) nitumie 80/100 iliyo laini zaidi, ila kwa joto letu hili na malori ya bandarini yanayotambaa kwenye foleni, si magurudumu yatachimba mifereji?

Tena rundo halina paa, na masika haya limelowa chepechepe. Kulikausha, lazima kokoto mpya zinazochanganywa nalo zipashwe moto kupita kiasi, na dizeli inaisha kama maji. Nijenge banda kwanza?

Na kwa rundo lililotoka barabara tofauti tofauti, nyinyi huchukua sampuli ngapi? Tajiri anataka jibu Jumatatu.